Kazi Iliyokabidhiwa: Tarikhi ya Bonde la Mkondoa

Asafiriye kwa barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Iringa, akisha kuivuka mbuga ya Mikumi, ambayo barabara hiyo imeikata katikati na ambayo imekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 1964, hufika katika mji mdogo wa Mikumi, na hapo hutoa simu akazungumza na jamaa zake wa Kilosa au wa Dar es Salaam bila kujiuliza ni nani aliyeibeba sauti yake. Aijuaye ni kampuni iliyomuuzia vocha. Lakini mnara uipokeao sauti hiyo aghalabu ni mali ya kampuni ya pili, mitambo iliyo juu yake huenda ikatunzwa na mafundi wa kampuni ya tatu, na kompyuta zihesabuzo dakika na shilingi zake zimepata kuwa chini ya uangalizi wa kampuni ya nne, yenye makao ng'ambo ya bahari. Desturi hii ya kampuni kuwakabidhi wengine kazi zake za kompyuta na mawasiliano kwa ijara na mkataba husemwa kuwa ni mgeni aliyetoka Marekani juzi. Mimi nadhani kwamba mgeni ni mashine peke yake. Desturi yenyewe imelipita bonde la mto Mkondoa mara nyingi, na kila ilipopita ilienea kwa njia ile ile, nayo ni wadogo kumtazama mkubwa afanyalo kisha kulifuata.

Kabla ya reli na kabla ya lami, bonde hilo lilikuwa mlango wa Usagara, na misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji ilipanda humo ikiacha nyuma yake tambarare za Makata, ambazo wakati wa masika hugeuka ziwa la matope. Mfanyabiashara au msafiri aliyetaka kupeleka nguo, shanga na nyaya za shaba bara alihitaji watu mia na zaidi, kila mtu akichukua mzigo wa frasila mbili hivi begani au kichwani. Naye, hasa akiwa mgeni, hakuwa na lugha ya kusemea nao, hakuijua ijara iliyo ya haki, wala hakuweza kumtambua aliye mzoefu na aliye mtoro. Kwa hiyo elimu ya kuwapata wapagazi ikawa bidhaa yenyewe, na wakatokea watu waliojitwika kazi hiyo kwa niaba ya wengine.

Mashuhuri kuliko wote alikuwa Sewa Haji Paroo, Mhindi wa Bagamoyo aliyezaliwa mwaka 1851 na kufariki mwaka 1897, ambaye jina lake Watanzania wengi wanalijua kwa sababu ya mali aliyoitoa kujenga hospitali ya Dar es Salaam iliyokuja kuwa Muhimbili. Henry Morton Stanley alipofika Pwani mwaka 1871 kwenda kumtafuta Livingstone, alielekezwa na Tharia Topan, tajiri mkubwa wa Unguja, amtafute kijana huyo, wakati huo umri wake miaka ishirini tu, ampatie wapagazi 140. Kitabu alichokiandika Stanley baada ya safari kimejaa malalamiko juu ya hesabu alizoletewa na hila alizodai kufanyiwa, na msomaji hana budi kuyapima maneno hayo kwa mizani, kwa kuwa ni ya upande mmoja wa mkataba, na upande wa pili haukuacha kitabu. Hata hivyo jambo moja ni dhahiri katika malalamiko yenyewe: Stanley aliudhika, lakini hakuwa na njia nyingine. Aliyekuwa na majina ya wapagazi, na aliyejua nani amerudi kutoka Unyamwezi na nani anataka kurejea kwao, alikuwa Sewa Haji, wala elimu hiyo haikuuzwa pamoja na watu. Misafara mitano ya Stanley iliondoka, ikapambana na matope ya Makata katika mvua, ikaingia bonde la Mkondoa ikiwa imepoteza punda na imechoshwa na maradhi. Nao Wazungu wengi waliokuja baada yake, wamisionari na wapelelezi, hawakuanza kutafuta wapagazi kwa mikono yao wenyewe. Walipita kwa Sewa Haji huyo huyo. Malalamiko ya mteja mkubwa hayakuwazuia wateja wadogo. Waliyoyaona ni kwamba mkubwa alikabidhi kazi hiyo, akaenda na akarudi.

Nimelikalia jambo hili kwa sababu humo yamo mambo yote yatakayojirudia. Kwanza ni mzigo wa kweli ambao mtu hawezi kuubeba peke yake. Pili ni mkandarasi ambaye nguvu yake ni maarifa kuliko mtaji. Tatu ni mfano wa mtu mashuhuri. Na nne, ambalo halionekani siku ya kutia sahihi, ni kwamba mwenye kazi huzidi kuwa mgeni katika kazi yake mwenyewe.

Reli ya Kati iliyoanzwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, ikapita Kilosa na kuufuata mto Mkondoa kuelekea Dodoma, hata ikagota Kigoma mwaka 1914, haikujengwa na kampuni iliyokuwa na jina la reli hiyo. Kampuni ya reli ya Afrika Mashariki ya Wajerumani ilikuwa na kibali na fedha. Aliyepasua vilima na kuzika mataruma alikuwa mkandarasi, kampuni ya Philipp Holzmann ya Frankfurt. Njia ikaiua biashara ya wapagazi, na kando ya njia ukanyooshwa waya wa simu, na kando ya waya yakapandwa mashamba ya mkonge ya Kilosa, Kimamba na Rudewa. Mashamba hayo nayo yalikuwa na haja ile ile ya watu, na kwa miaka mingi kila mwenye shamba alituma mtu wake au alimlipa wakala wa kuandika vibarua, mpaka mwaka 1944 chama cha wakulima wa mkonge kilipounda ofisi moja ya kuwaandikia wote, iliyojulikana kwa jina la SILABU, ambayo ilikusanya watu kutoka majimbo ya mbali na kuwapeleka mashambani kwa mkataba. Dhiki ya watu waliopelekwa hivyo yahitaji makala yake peke yake. Hapa natosheka kusema kwamba mashamba makubwa ndiyo yaliyotangulia na madogo yakafuata, na kwamba tangu hapo meneja wa shamba la Kimamba hakuwa tena na sababu ya kujua kijiji alichotoka mkata mkonge wake.

Kompyuta iliingia nchini kwa mlango wa Serikali. Wizara ya Fedha ilipata mashine yake ya kwanza mwaka 1965, lakini jaribio la kuhamishia hesabu za Serikali katika mashine lilikwenda kombo, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake isipokuwa kwa idhini maalumu. Wako wanaoitaja amri hiyo kwa dhihaka. Mimi siwaungi mkono. Ilikuwa nchi yenye fedha chache za kigeni na mafundi wachache zaidi, na ilikuwa imekwisha kuonja kuwa na chombo ambacho aliyekiuza ndiye pekee aliyejua kukitengeneza. Taathira yake lakini ilikuwa kubwa: marufuku yalipolegezwa katika miaka ya 1980 na milango ikafunguka katika miaka ya 1990, mashirika na kampuni nyingi yalijikuta hayana kizazi cha wataalamu wa nyumbani, na asiye na fundi hana hiari ila kumkodi wa jirani.

Huko Marekani mambo yalikuwa yamekwenda mwendo mwingine. Mwaka 1962 Ross Perot alianzisha katika mji wa Dallas kampuni iitwayo Electronic Data Systems, ambayo biashara yake ilikuwa kuziendeshea kampuni nyingine kazi za kompyuta kwa malipo ya kila mwezi na kwa mikataba ya miaka. Kwa zaidi ya miaka ishirini desturi hiyo ilienda polepole, na wengi waliiona kuwa kimbilio la kampuni ndogo au zilizobanwa na madeni. Kampuni yenye heshima ilikaa na kompyuta zake kama ilivyokaa na hazina yake. Mwaka 1989 Eastman Kodak ya Rochester, kampuni tajiri ambayo filamu zake zilipigiwa picha ulimwenguni kote, iliikabidhi IBM vituo vyake vya kompyuta pamoja na watumishi wake, na kazi za mitandao na kompyuta ndogo ikazigawa kwa wakandarasi wengine. Mlango ukafunguka. Wakuu wa kampuni nyingine waliokuwa wakisitasita wakapata hoja mbele ya bodi zao, kwa maana haikuwezekana tena kusema kwamba jambo hili hufanywa na waliofilisika.

Wanazuoni wawili, Lawrence Loh na N. Venkatraman, waliandika mwaka 1992 wakitumia hesabu zile zile zitumikazo kupima jinsi mbegu mpya au dawa mpya ienezwavyo katika jamii, na wakahukumu kwamba utoaji wa kazi za kompyuta ulienea zaidi kwa kampuni kuigana zenyewe kwa zenyewe kuliko kwa kelele za magazeti na wauzaji, na kwamba uigaji huo ulizidi nguvu baada ya Kodak. Miaka mitano baadaye Qing Hu na wenzake walipima upya wakiwa na mikataba mingi zaidi, wakasema kwamba nguvu za nje na za ndani zilichanganyika, wala hawakuona kwamba Kodak iliubadilisha mwendo wa uenezi huo. Mimi, nikiitazama hitilafu hii kutoka bonde la Mkondoa, naona pande zote mbili zina sehemu ya haki: Sewa Haji alikuwa na wauzaji wake wa maneno huko Unguja, naye Tharia Topan alikuwa mmoja wao, bali neno la muuzaji lilipata uzito kwa sababu ya msafiri aliyetangulia.

Mfano uliotufikia sisi haukutoka Rochester moja kwa moja. Ulipitia India. Mwaka 2004 Bharti, kampuni ya simu iliyokuwa ikikua kuliko uwezo wake wa kuajiri, iliikabidhi IBM kompyuta zake zote, na mitambo ya mtandao ikaikabidhi kwa kampuni zilizoiuza, ikalipa kwa kadiri ya matumizi na mapato badala ya kununua vyombo kabla ya kuvihitaji. Wengi walistaajabu kuona kampuni ya simu imeitoa mikononi kazi ya simu. Lakini bei ya dakika ilishuka, wateja wakawa mamilioni kwa mamilioni, na kampuni nyingine za India zikafuata. Mwaka 2010 Bharti ikanunua kampuni za Zain katika nchi 15 za Afrika, na miongoni mwake ilikuwamo ya Tanzania, ambayo Watanzania waliijua kwanza kwa jina la Celtel. Kabla ya mwaka huo kwisha ilikuwa imetia mkataba wa miaka kumi na IBM wa kuendesha kompyuta katika nchi 16, na kazi ya kuwajibu wateja ikawagawia IBM, Tech Mahindra na Spanco. Hivyo mtu wa Kilosa aliyekuwa na laini ya Zain, ambaye siku moja aliona jina jipya la Airtel katika kioo cha simu yake, aliingizwa bila kuulizwa katika mkataba ambao asili yake ilikuwa Delhi.

Minara ilifuata njia hiyo hiyo, na katika minara hatua za kuigana zaonekana wazi kuliko katika kompyuta, maana mnara hauwezi kufichwa. Hapo mwanzo kila kampuni ilijivunia minara yake, na kusikika mahali ambapo mshindani hasikiki kulikuwa ndiko kushinda kwenyewe. Kwa hiyo mahali kama Mikumi, penye watu wachache na barabara yenye magari mengi, paliweza kusimamishwa minara mitatu panapohitajiwa mmoja, kila mmoja na jenereta yake, dizeli yake na mlinzi wake. Mwezi wa Desemba 2010 Millicom, wakati huo mwenye Tigo, alipatana kuiuzia Helios Towers minara yake ya Tanzania ipatayo elfu moja, kisha akawa mpangaji katika kile kilichokuwa mali yake. Mwaka 2013 Vodacom, iliyokuwa na wateja wengi kuliko wote, iliuza minara 1,149 kwa Helios hao hao. Airtel ilikawia, na mwaka 2021 nayo ikatangaza kuuza minara ipatayo 1,400 kwa ubia ulioongozwa na SBA ya Marekani. Ilichukua miaka kumi na mmoja, na jambo lililokuwa la kustaajabisha likawa la kawaida. Faida yake haikanushiki: mnara mmoja hubeba kampuni mbili au tatu, gharama hugawanyika, na fedha za Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2006 ili kuzisaidia kampuni kufika vijijini, hufika mbali zaidi. Lakini mlinzi wa mnara aliye chini ya mkandarasi wa ulinzi, aliyekodiwa na mwenye mnara, aliyekodiwa na kampuni ya simu, akicheleweshewa mshahara wake hajui amlilie nani. Na mwanakijiji ambaye simu yake imekatika siku tatu huambiwa na sauti ya mbali kwamba taarifa imepelekwa kwa wahusika.

Hapa yanipasa kuleta habari ya reli tena, ingawa si habari ya kompyuta, kwa sababu Kilosa ililipa gharama ya somo hilo kuliko mji mwingine. Mwezi wa Oktoba 2007 uendeshaji wa Reli ya Kati ulikabidhiwa kampuni mpya ya TRL, ambamo RITES ya India ilikuwa na hisa 51 kwa mia na Serikali 49, kwa mkataba wa miaka 25. Na njia yenyewe, pamoja na ardhi yake, ilikuwa mali ya kampuni nyingine ya Serikali, RAHCO. Ulikuwa wakati ambao nchi jirani nazo zilikuwa zimezikabidhi reli zao kwa wakodishaji, na Benki ya Dunia ikisifu. Ni shida kuamini kwamba mifano hiyo haikuwa na sehemu katika uamuzi. Treni hazikuongezeka kama ilivyotumainiwa, na wafanyakazi waligoma kwa ajili ya mishahara. Kisha mwishoni mwa Desemba 2009 mvua zikanyesha milimani, mto Mkondoa ukafurika, ukazoa nyumba za Kilosa na kuing'oa reli baina ya Kilosa na Gulwe, hata safari zikasimama kwa miezi. Kabla ya miaka mitano ya mkataba kutimia Serikali ilikuwa imezirudisha hisa mikononi mwake, na sheria ya mwaka 2017 ikaliunda upya Shirika la Reli.

Kurudisha ni kazi ngumu kuliko kukabidhi. Atoaye kazi huondokewa na watu wake siku ya kwanza, na wale waliobaki husahau kidogo kidogo, mpaka siku ya kurudi hakuna anayekumbuka sababu ya bomba fulani kupita mahali fulani au ya hesabu fulani kufungwa usiku. Wenye kushauri kampuni huandika sana juu ya bei ya mkataba na kidogo juu ya usahaulifu huu, hali mimi nauona kuwa ndio uzito wa jambo lote. Kampuni inayomkabidhi mwingine kompyuta zake na ikabaki na watu watano wanaofahamu kila kilichomo ndani haijapoteza kitu. Ile iliyowaondoa hata hao watano imeuza macho yake.

Serikali imeonekana kulitambua hilo. Wakala ya Serikali Mtandao iliundwa mwaka 2012, ikafanywa Mamlaka kwa sheria ya mwaka 2019, na kazi yake moja kubwa ni kuhakikisha kwamba taasisi za umma hazinunui, kila moja kivyake, mifumo inayofanana kutoka kwa wauzaji mbalimbali. Mwaka 2017 Wizara ya Fedha ilianza kukusanya malipo ya umma kwa mfumo uliojengwa na Watanzania wenyewe, ambao mlipaji hupewa namba ya malipo, na taasisi moja baada ya nyingine ikaingizwa humo. Kompyuta zile zile zilizoondolewa kwa aibu katika hesabu za Serikali nusu karne iliyopita zimerudi katika Wizara ile ile, safari hii zikiwa na mafundi wake.

Katika vibanda vya Kilosa sokoni na vya Mikumi stendi, desturi hii imefika ngazi yake ya chini kabisa. Vodacom ilipoleta M-Pesa nchini mwaka 2008, haikufungua ofisi kila mji wala haikuajiri makarani. Iliwakabidhi wenye maduka kazi ya kupokea na kutoa fedha kwa kamisheni. Tigo na Zain wakafuata, na mwaka 2013 Benki Kuu ikatoa mwongozo ulioziruhusu benki nazo kutumia mawakala, zikaiga kampuni za simu. Mkulima wa ufuta aliyeuza mazao yake hupewa fedha na kijana mwenye meza na mwavuli, ambaye ndiye benki yote aionayo. Na juu ya meza hiyo liko daftari ambamo huandikwa jina la mteja, namba ya simu, kiasi na sahihi.

Daftari hilo ni hifadhi ya habari za watu, ingawa halina waya. Mwaka 2022 Bunge lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ikaanza kutumika mwezi wa Mei 2023, nayo hutenganisha baina ya akusanyaye taarifa za watu na azichakataye kwa niaba yake, huwataka wote wawili wajisajili kwa Tume iliyoundwa kwa sheria hiyo, na huweka masharti juu ya taarifa zinazopelekwa nje ya nchi. Aliyekabidhi kazi haruhusiwi tena kusema kwamba kosa ni la mkandarasi. Kwa kampuni kubwa za Dar es Salaam maana yake ni kuisoma upya mikataba iliyotiwa sahihi na watu ambao wengi wao wamekwisha kuhama. Kwa wakala wa Mikumi, ambaye daftari lake likijaa huwekwa chini ya meza na kurasa zake zikafungia karanga, maana yake ni kwamba kampuni iliyompa kazi inapaswa kumfundisha namna ya kulitunza na namna ya kuliharibu, na impe kabati lenye kufuli.